Kengele za Limerick

Desemba 1984, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, mhandisi Stanley Watras alianza kuumbuliwa na mlango. Kila akipita penye vipimo vya mionzi ili atoke kazini, kengele zinalia. Anasafishwa, anachunguzwa, chanzo hakionekani. Kesho yake zinalia tena. Na kituo chenyewe kilikuwa hakijaanza hata kuuza umeme.

Asubuhi moja akaingia, na kabla hajagusa kazi yoyote akageuka, akapita mlango wa kutokea. Zikalia. Kumbe uchafu alikuwa akija nao kutoka kwake.

Wapimaji walipofika nyumbani, karibu na mji wa Boyertown, walikuta gesi ya radoni pikokyuri 2,700 katika kila lita ya hewa. Siku hizi Marekani mwenye nyumba hushauriwa kurekebisha ikifika 4 tu. Familia ikafungasha, ikahama. Nyumba ya jirani? Kiwango cha kawaida.

Hapo kwa jirani ndipo wanunuzi wengi wa nyumba wanapojikwaa. Wanauliza mtaani, wanaambiwa hapa hapana shida, basi. Lakini radoni huzaliwa na urani iliyomo mwambani, na mwamba haufuati mipaka ya viwanja. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Nje hutawanyika, ndani hupenya kwenye nyufa za sakafu na matundu ya mabomba, maana hewa ya joto ikipanda darini huvuta ya ardhini. Baada ya sigara, hakuna kinacholeta saratani ya mapafu kuizidi.

Kuipima si kazi kubwa. Kikopo chenye mkaa maalumu huwekwa siku 2 hadi 7 katika chumba cha chini kabisa kinachokaliwa, madirisha yamefungwa, kisha hupelekwa maabara. (Muuzaji anayefungua madirisha yote siku hizo ana lake jambo.) Anayejenga ana nafuu zaidi: kabla ya kumwaga zege la sakafu, hutandaza kokoto, juu yake nailoni nzito, na kutoka kwenye kokoto husimamisha bomba hadi juu ya paa. Vipimo vikikataa kushuka, huongeza feni. Fundi akishamwaga zege, kazi hiyo hiyo huanza kwa kutoboa.

Pwani yetu madirisha wazi hutusitiri, ila si kila mahali. Kilima cha Mrima, Kwale, kina thoriamu, ambayo huzaa toroni, ndugu yake radoni. Huko ukuta wa udongo wenyewe waweza kutoa toroni.

Nyumba ya Watras ilitengenezwa, na baada ya miezi kadhaa wakarudi. Yeye alikuwa na kengele kazini. Mkewe na watoto, waliokuwa wakilala nyumba hiyo hiyo, hawakuwa na mlango wa kuwalilia.