Gari Kuukuu Ni la Nani?

Muhaisnah si mtaa ambao mgeni wa Dubai huoneshwa. Sehemu yake ya pili, ambayo wengi huiita Sonapur, ina kambi za wafanyakazi, mabasi na kamba za nguo zilizoanikwa. Ya nne ina nyumba za familia na jumba la maduka. Na ukisogea kidogo tu umeingia Sharjah. Nilikuwa huko kwa siku chache kwa binamu yangu. Jioni moja, jua lilipopoa, nililiona limeegeshwa kwenye kiwanja cha mchanga: Land Cruiser la mfululizo wa 40, lenye taa mbili za mviringo na paa jeupe, ambalo Toyota waliliunda kuanzia 1960 hadi 1984.

Tulikuwa watatu tuliolizunguka kabla hata ya kuamkiana. Mmoja alikuwa dereva wa teksi kutoka Mombasa. Wa pili alikuwa mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, ambaye Kiswahili chake kilinifanya nikionee haya changu. Dereva alichuchumaa, akachungulia chini ya gari, akapapasa ukingo wa mlango. Hapakuwa na kutu wala mkwaruzo.

“Mzee wangu,” akasema, “hili limefufuliwa au limefutwa?”

Mzee akacheka. “Mwanangu, wewe wataka gari au wataka kaburi?”

Fumbo la namna hii nimelifundisha darasani kwa miaka mingi. Plutarch anasimulia habari za merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kuondoa kila ubao uliooza na kuweka mpya, mpaka wanafalsafa wakabishana kama bado ni ileile. Hobbes, mwaka 1655, akaongeza kikwazo: je, mtu akiziokota mbao kuukuu zote na kuziunga upya, ipi sasa ndiyo merikebu ya Theseus? Wanafunzi hulipenda swali hili kwa kuwa halimgharimu mtu chochote. Pwani kwetu jahazi hubadilishwa mbao na tanga kila hali inapodai, na sijapata kumsikia nahodha akiuliza kama chombo chake bado ni kilekile. Huuliza kama kinavuja.

Mazungumzo yakahamia kwenye Peugeot, kama yanavyohama siku zote wakikutana watu wa umri wetu kutoka Afrika Mashariki. Dereva alizijua mbio za Safari kama wengine wanavyozijua nasaba: Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland wa Dar es Salaam, kisha 1968, halafu 504 ikashinda 1975 na 1978. Tukazitaja tabia zake: springi laini zilizoyameza mashimo, na mkono wa gia uliokaa kwenye usukani, ukaacha nafasi ya abiria wa tatu kiti cha mbele. Ile ndefu yenye safu tatu za viti ilitengenezwa kwa watu saba. Dereva alisema yeye hakuwahi kupanda wakiwa chini ya kumi na mmoja. Akaongeza kwa kejeli kwamba Kenya gari lililozidi miaka minane kwa kawaida haliruhusiwi kuingizwa, ilhali hapa la miaka hamsini hufunikwa shuka kama bibi harusi.

Nilicheka nao, lakini neno la mzee lilikuwa limeshanichoma. Tanga kuna 504 ya marehemu baba yetu. Mimi huiita gari la baba. Mdogo wangu, anayeiendesha, huiita mkweche. Kwa miaka mingi nimekuwa nikituma fedha za vipuri kwa sharti moja: kila kitu kibaki kama baba alivyokiacha. Alipotaka kuweka injini ya Toyota, ambayo vipuri vyake hupatikana kila kona, nilikataa, nikatumia maneno makubwa kuhusu kumbukumbu na uaminifu. Mwaka jana gari lilikaa wiki tatu juu ya matofali likisubiri kabureta niliyosisitiza iwe ya asili. Katika wiki hizo mke wake alishikwa na uchungu usiku, akapelekwa hospitali kwa bodaboda. Mama na mtoto ni wazima. Mdogo wangu hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Sisi tulio mbali tunapenda kuwa walinzi wa vitu ambavyo wengine wanalazimika kuvitumia. Tunataka nyumba ya bibi isiezuliwe makuti, hali hatulali humo mvua ikinyesha. Mwenye Land Cruiser lile la Muhaisnah, yeyote awaye, angalau hulipia mapenzi yake mwenyewe. Mimi nililipa fedha tu. Adha zililipwa na mwingine. Siamini kwamba kumbukumbu haina haki yoyote. Ila sioni tena kwa hoja gani haki hiyo ingetangulia mbele ya mtu anayehitaji kufika hospitali.

Usiku ule nilimpigia simu. Nilimwambia afanye anavyoona yeye. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama naumwa.

Mwezi uliofuata alinitumia picha. Injini mpya imeingia, na gia yake sasa iko chini, sakafuni. Ule mkono wa zamani hakuung’oa. Umebaki palepale kwenye usukani, haujaunganishwa na chochote, na mwanawe ameuning’iniza kofia.