Mzigo Uliopimwa na Asiyeubeba

Ninasomea shahada ya uzamili katika teknolojia ya elimu. Kazi yetu ni kuunda masomo yatakayosomwa kwa simu au kompyuta na watu ambao huenda tusionane nao kamwe. Neno tunalolitaja sana darasani ni mzigo. Mwaka 1988 John Sweller, msomi wa Australia, alieleza kwamba akili inayojifunza jambo jipya ina nafasi ndogo. Somo likipangwa ovyo, nafasi hiyo hujaa kabla mtu hajaelewa kitu. Basi mwandaaji mwema hupunguza mzigo.

Niliamini hivyo nilipoandaa somo la hesabu za sehemu kwa walimu wa shule za msingi. Maandishi marefu niliyakata, nikaweka video nane fupi zenye picha safi na sauti tulivu. Wenzangu walisifu. Kisha nikaenda kijiji kimoja wilayani Uyui kuona somo linavyotumika.

Mwalimu mmoja, mama wa makamo, alinipokea vizuri. Nilimwamkia, nikamuuliza somo limemfaaje.

"Zuri, mwanangu," alisema. "Ila bando la wiki liliisha kwenye video ya pili. Nikanunua jingine. Hela ya maharage hiyo."

Hakuwa analalamika, alikuwa ananijibu tu. Lakini nilielewa nilichofanya: mzigo wa akili yake nilikuwa nimeupunguza kwa kuuhamishia mfukoni mwake, na kipimo changu hakikuonyesha lolote.

Kesho yake nilipita Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita huku Unyanyembe. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu, vitambaa na shanga. Mzigo mmoja ulikuwa kama kilo 30, na huo ndio uliohesabiwa na mwenye msafara. Juu ya huo mpagazi alibeba mkeka wake wa kulalia, chombo chake cha kupikia na chakula chake. Hivyo havikuhesabiwa, kwa kuwa havikuwa mali ya tajiri. Bega halikutenganisha kipi ni cha nani.

Rafiki yangu wa darasani haafiki. Bei ya bando, anasema, ni kazi ya serikali na kampuni za simu. Tukianza kubeba shida za kila mwanafunzi hatutamaliza hata somo moja. Ana hoja. Siwezi kushusha bei ya bando. Lakini kuweka video nilichagua mimi, gharama akailipa mwingine, na sikuwa nimemuuliza. Hapo siwezi kuisingizia serikali.

Wala simaanishi kila mzigo upunguzwe. Kwa Wanyamwezi wa zamani safari ya pwani ilikuwa heshima. Kijana aliyekwenda na kurudi alihesabika mwanamume kamili. Yule mama naye hakuomba sehemu ziwe rahisi. Ugumu wa somo ndio aliokuja kupambana nao, na kumwondolea huo ingekuwa dharau. Uliomwonea ni uzito usiomfundisha kitu.

Kwa hiyo nadhani swali la kwanza la mtu wa fani yetu si "somo hili lina uzito gani?" Ni "wewe unayekuja kulisoma, tayari umebeba nini?" Na swali hilo haliwezi kujibiwa na aliyekaa ofisini.

Somo nimeliandika upya: kurasa 12 za maandishi na michoro, bila video hata moja. Wenzangu wanaliona la kizamani. Nimelituma Uyui, nasubiri mwenye bega aniambie.