Mali Kauli

Kariakoo kuna biashara isiyoandikwa popote. Kijana anaingia dukani asubuhi, anachukua pea 10 za viatu bila kutoa hata shilingi, anakwenda kuzitembeza, na jioni analeta fedha za mwenye duka. Kilichozidi ni chake. Biashara hii huitwa mali kauli, maana dhamana yake ni neno tu. Lakini neno la nani? Mwenye duka hamfahamu kijana aliyeshuka juzi kutoka mkoani. Humwuliza, "Nani anakujua hapa?" Hapo ndipo watu kama mimi tunapoitwa.

Nimekuwa nikiitwa kwa zaidi ya miaka 20 katika maduka ya Mtaa wa Msimbazi na vichochoro vyake. Wengi niliowadhamini nilikuwa nimewafahamu kwa wiki mbili tatu. Naulizwa, "Mzee, huyu unamjua?" Najibu, "Namjua." Ndugu msomaji, je, huo si uongo?

Swali hili lilianza kunisumbua siku kijana mmoja aliponitia aibu. Alichukua viatu asubuhi, tukamngoja hadi maduka yakafungwa, na mpaka leo hajarudi. Nilimlipa mwenye duka kidogo kidogo kwa miezi minne. Fedha hazikuniuma sana. Kilichoniuma ni jinsi alivyokuwa akinitazama, kama kwamba mimi ndiye niliyeondoka na mali yake.

Haukupita muda akaja mwingine, kijana wa Nachingwea aliyeishia darasa la saba. Alikuwa akilala barazani na kubeba mizigo ya watu sokoni. (Jina lenyewe Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wao walikufa bila majina yao kuandikwa mahali.) Akaniamkia, akaeleza shida yake. Nikamwambia akatafute mtu anayemjua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanaonijua wako Nachingwea, mzee. Hapa nitaanzaje kujulikana?"

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka mwaka 1983.

Mwaka ule ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, na hapa Dar es Salaam wakaanza kukamatwa wote waliohesabiwa kuwa wazururaji. Asiyekuwa na kitambulisho cha kazi alipakiwa kwenye lori akalime. Tulielezwa kwamba nia ni njema, kwani nchi ilikuwa katika dhiki na mashamba yalihitaji mikono. Lakini kwa kijana aliyesimama pembezoni mwa soko, nia hiyo njema ilikuwa na sura ya lori. Nilikuwa na miaka 19, nikisubiri kibarua mbele ya duka la mzee mmoja muuza vitambaa, ambaye rafu zake zilikuwa nusu tupu kama za maduka mengi siku zile. Askari aliponishika mkono, mzee alitoka na msuli wake kiunoni akasema, "Huyo ni mtu wangu." Hakuwahi kuniajiri. Hata jina langu hakulijua. Askari akaniachia, na mzee akanigeukia. "Haya, chukua ufagio. Usinifanye mwongo."

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi. Shahidi husema yaliyokwisha kutokea, na akisema asiyoyajua, amekosa. Mdhamini husema yatakayokuja, na neno lake likitoka mdomoni bado ni deni. Mzee yule alianza kulilipa saa ile ile kwa ufagio, na akaendelea kulilipa kwa miaka sita niliyokaa dukani kwake. Mimi je? Kwa yule aliyetoroka nilisema "Namjua," nikaenda zangu nyumbani. Sikuwahi kumuuliza hata anakolala. Aliiba, ndiyo, na sitaki kumpunguzia kosa lake. Ila na mimi nilikuwa nimechukua mali kauli nisiirudishe.

Kumpata tena yule wa Nachingwea kulinichukua siku tatu. Nilimdhamini, na tangu hapo kila jioni napita dukani, hata miguu inapouma.

Sasa kuna tatizo jingine. Kijana amejiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima. Hana budi aupite kwanza Mtihani wa Maarifa, ule wanaouita QT, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwenye duka amekasirika. Jioni ndiyo saa ya wateja, na anaona kwamba akishasoma atamkimbia. "Mzee, umeniletea mtu wa kazi au mwanafunzi?"

Ana haki ya kuuliza, kwani nilipomwambia "Namjua," sikumtajia habari ya shule. Hata mimi sikuwa naijua. Jumatatu tutakaa wote watatu, tuone saa zipi zinaweza kupatikana.