Mawimbi yasiyo na kufuli: Kilicho wazi ni halali kwa nani?

KATIKA miji yetu ya pwani ya kusini, kuanzia Kilwa Kivinje na Masoko hadi Lindi mjini, dishi juu ya paa si jambo la ajabu tena. Yapo madishi ya kulipia, yanayotumia king'amuzi na kadi, na yapo yanayonasa chaneli za wazi zisizodai hata senti. Swali ambalo vijana huwauliza walimu wao ni hili: mawimbi yakishuka juu ya paa langu bila kufungwa, na mwenyewe hakunizuia, nikiyatumia nitakavyo nina dhambi gani?

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Setilaiti haijui mpaka. Humwaga mawimbi juu ya nchi nyingi kwa pamoja, ilhali haki za kuonesha mpira huuzwa nchi kwa nchi. Kituo kilichonunua haki za nchi moja hutakiwa kufunga matangazo yake ili nchi jirani wasiyapate bure na kumharibia aliyenunua haki za kwao. Kikiacha wazi, ugomvi huanzia hapo. Mwaka 2003 shirika la BBC la Uingereza liliamua kuacha kufunga chaneli zake, lakini liliziweka kwenye setilaiti ambayo mawimbi yake yameelekezwa zaidi Uingereza yenyewe. Yaani mwenye mali alijitwika jukumu la kuziba mwanya, hakumtwika mtazamaji.

Wapo wanaosema mawimbi si mali, kwani hayashikiki. Hoja hii ni dhaifu. Baraza la Kimataifa la Fikihi, lilipokutana Kuwait mwezi Desemba 1988, lilipitisha kuwa haki za uandishi, uvumbuzi na majina ya biashara ni haki zinazotambuliwa na sharia, zina thamani ya mali, na hairuhusiwi kuzidhulumu. Kwa kipimo hicho, kazi ya anayegharimia kamera, watangazaji na mitambo nayo ina mwenyewe.

Wengine husema: kama ni yake, mbona hakuifunga? Hapa turejee kwa mafaqihi. Walipozungumzia wizi wenye adhabu ya kukatwa mkono, waliweka sharti la hirzi, yaani mali iwe imehifadhiwa panapostahiki. Mali iliyoachwa wazi akiichukua mtu, adhabu ile humwondokea. Lakini kuondoka adhabu si kuhalalika mali! Kukosekana kufuli hakubadilishi umiliki.

Je, basi kila anayetazama chaneli ya wazi ni mwizi? La hasha. Wapo walioacha wazi kwa makusudi. Televisheni ya Saudia inayoonesha Msikiti Mtukufu wa Makka usiku na mchana haidai kadi, na mwenyewe ameridhia tutazame. Hili mafaqihi huliita ibaha, nalo ni tofauti na kumilikishwa. Mgeni aliyewekewa sinia ya wali anakula mpaka anashiba, wala haulizi bei. Lakini hana ruhusa ya kuibeba sinia ile akaiuze barazani. Ameruhusiwa kula, hakupewa mali.

Kwa kipimo hicho, anayetazama nyumbani kwake na familia yake chaneli iliyoachwa wazi, sioni lawama juu yake. Hakuvunja kufuli, hakutia saini mkataba, wala si kazi yake kuchunguza kituo kile kiliuziwa haki za nchi gani. Mwenye kibanda umiza ni habari nyingine. Huyu amepanga mabenchi na kutoza kiingilio. Ameibeba sinia barazani. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inalinda haki za watangazaji. Hata Ulaya, katika kesi ya Karen Murphy, mwenye baa aliyeonesha mpira kwa kadi ya Ugiriki, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2011 kuwa kuzuia watu kununua kadi ya nchi nyingine hakukubaliki, lakini kuonesha hadharani kwa biashara kazi zenye hakimiliki, kama wimbo wa ligi na picha zake, kunahitaji ruhusa ya mwenyewe.

Wala tusidhani anayepunjwa ni tajiri wa mbali tu. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walitia saini mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 kuonesha Ligi Kuu. Fedha za namna hiyo ndizo zinazogawiwa klabu, na mkoa wa Lindi una Namungo ya Ruangwa, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20.

Lakini uadilifu hauna upande mmoja. Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliziagiza kampuni za dishi za kulipia, zikiwemo Azam, DStv na Zuku, ziondoe chaneli za ndani za bure, kwa kuwa leseni zao hazikuziruhusu kuzibeba. Watu walikuwa wamelalamika muda mrefu: kifurushi kikiisha, hata chaneli ya bure inazimika. Tujiulize, kuna tofauti gani kati ya kampuni inayofungia ndani ya malipo kilichotolewa bure, na mwenye kibanda anayetoza kiingilio? Wote wawili wameuza sinia ya mgeni. Tena dawa iliyotolewa ilimwondolea mgeni chakula chenyewe, kwani kijijini ambako mawimbi ya minara ya ardhini hayafiki, dishi ndilo lililokuwa njia ya kupata taarifa ya habari. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Qur'an imeamrisha kutimiza mikataba (5:1) na imekataza kuliana mali kwa batili (2:188). Aya hizi hazikushuka kwa mwenye kibanda peke yake. Mwenye kibanda atafute ruhusa, hata kwa kuchangiana na wenzake. Mwenye kampuni asiuze cha bure. Na mwenye mamlaka, kabla ya kutoa agizo, amkumbuke mzee wa kijijini aliyebaki na dishi bila habari. Tukimkemea mnyonge tu na kumnyamazia mwenye nguvu, hatujasimamisha haki.

Wallahu a'alam.