Haki ya Kufumua

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na wanaohubiri juu ya majuto hupenda kuanzia hapo. Methali hiyo ni kweli kwa maji, na ni kweli kwa kazi nyingi za mafundi: ubao ukishakatwa umekatwa, na chungu kikishachomwa hakirudi kuwa udongo laini. Lakini kufuma kwa sindano mbili hakuitii. Kofia ya mtoto inayofumwa Njombe au Limuru kabla ya baridi ya Juni ni uzi mmoja tu, uliopitishwa kitanzi ndani ya kitanzi, mstari juu ya mstari. Chomoa sindano, vuta ncha, na kazi yote inarudi kuwa bonge la uzi. Mfumaji basi hukutana mara kwa mara na swali ambalo wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi: je, lililotendwa laweza kutenduliwa?

Jibu la kale ni hapana. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alikubaliana na mtunzi wa tamthilia Agathon kwamba uwezo huo hata mungu hana. Katika karne ya 13, Thomas Aquinas alishikilia hivyohivyo, kwa hoja kwamba jambo lenyewe linajipinga. Na uzi unawaunga mkono. Uzi wa sufu uliofumuliwa hutoka umejikunjakunja kila mahali palipokuwa na kitanzi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilipoanza kugawa nguo kwa kuponi mwezi Juni 1941, watu walifumua masweta makuukuu ili wafume mapya. Ilibidi wauzungushe uzi, waufunge, wauoshe, kisha wauning'inize na kitu kizito chini yake mpaka unyooke. Kwa hiyo kufumua hakuifuti jana. Kinachoondoka ni mpangilio. Saa zilizotumika zimetumika. Naona hilo latosha, na dini zinapozungumzia toba hazidai zaidi ya hilo.

Tazama masharti ya toba kama wanazuoni wa Kiislamu wanavyoyapanga: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutolirudia, na ikiwa limegusa haki ya mtu, kumrudishia haki yake. Hakuna sharti la kuifuta siku ya kosa. Zakayo wa Injili ya Luka naye hakudai kwamba hakuwahi kudhulumu. Aliahidi kurudisha mara nne. Toba ni kurudi hadi palipoharibika na kupanga upya kuanzia hapo. Kazi ngumu ni kujua palipoharibika ni wapi, na katika hilo wafumaji wana ujuzi ambao wahubiri wengi hawana, kwa sababu makosa ya sindano hayalingani kina. Kitanzi kikiponyoka na kushuka mistari kumi, anayejifunza hushtuka akafumua kofia nzima. Mzoefu huchukua sindano ya kroshia akakipandisha kitanzi kilekile, mstari baada ya mstari, bila kuwagusa majirani zake. Kofia inayofumwa kwa mduara ina kosa la namna nyingine. Vitanzi vya kwanza vikiwa vimejipinda kwenye sindano wakati wa kuunganisha duara, na mfumaji asigundue mapema, kila mstari unaofuata utakuwa sahihi ukiutazama peke yake, na bado kofia haitavalika. Sindano ya kroshia haisaidii hapo. Ni kufumua hadi mwanzo. Watu wengi hukosea kipimo hiki maishani: huyu anavunja ndoa kwa sababu ya kitanzi kimoja kilichoponyoka, yule anatengeneza kitanzi kimoja kimoja katika biashara iliyoanzishwa kwa hati za kughushi. Ndiyo maana kofia na soksi za msimu ni shule bora kuliko sweta la mtu mzima. Gharama ya kukiri kosa ni jioni moja, na anayekiri kwa bei nafuu huzoea kukiri.

Msomaji wa Kurani atanipinga, tena kwa haki. Sura ya An-Nahl, aya ya 92, inawaonya waumini wasifanane na mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Pingamizi hili ni zito kuliko lile la wanaolalamikia muda uliopotea, kwa kuwa linaonekana kulaumu kufumua kwenyewe. Lakini aya iliyotangulia inahusu ahadi na viapo, na mwanamke yule hakufumua nguo: alifumua usokotaji, uzi ukarudi kuwa nyuzinyuzi zisizoshika kitu. Mfumaji wa kofia anabaki na uzi mzima. Sasa mweke mwanamke huyo kando ya Penelope wa Homer, ambaye kwa miaka 3 alifuma sanda ya baba mkwe wake mchana na kuifumua usiku, ili asiolewe na wachumba waliojazana nyumbani kwa mumewe. (Hakuna kati ya wanawake hao wawili aliyeshika sindano za kufumia: mmoja alisokota, mwingine alifuma kwenye kitanda cha mfumi.) Wote wawili waliharibu kazi isiyo na dosari, na bado mmoja analaumiwa na mwingine anasifiwa. Kinachowatenganisha ni ahadi: wa kwanza ni mfano wa anayeivunja, wa pili alifumua ili aitunze. Kutendua, basi, hakuna wema wala uovu wake mpaka tujue kunatumikia ahadi gani.

Linabaki pingamizi la mtu anayefumua bila kukoma. Kila kofia yake ina kasoro, kila kasoro inamrudisha mwanzo, Julai inakwisha na mtoto bado hana cha kufunika masikio. Huyo ni Penelope asiye na mume wa kumngoja, na siwezi kumtetea. Haki ya kufumua ina mipaka. Mmoja umewekwa na sufu: ikioshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa, nyuzi zake hushikana zikawa kitambaa kizito, na hakuna ncha ya kuvuta tena. Mwingine umewekwa na watu. Kofia ikiwa bado mikononi mwa mfumaji, kosa ni lake na ruhusa ya kulifumua ni yake. Ikishavikwa mtoto wa jirani, imekuwa mali ya mtoto. Mama yake akiipenda pamoja na kasoro yake, mfumaji aiache ilivyo, akaanze nyingine.