Jawabu kwa Kijana wa Remba

  

Ndugu zetu, mwezi uliopita darsa yetu ilipokea barua kutoka kisiwa cha Remba, katika Ziwa Viktoria. Wengi wenu hamkijui kisiwa hicho, wala si ajabu, kwani sisi watu wa pwani tukitaja kisiwa twakusudia Lamu au Pemba. Remba iko upande wa Homa Bay, na watu wa Migori huifikia kwa mashua. Ni jabali lililotokeza majini, limefunikwa kwa vibanda vya mabati vilivyobanana, na wakaaji wake ni wavuvi na wachuuzi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Riziki yao ni mbuta na dagaa, ambao huko huitwa omena. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mashua zao hupumzika. Aliyetuandikia ni kijana wetu, kwani babake ni mtu wa mji huu aliyehamia huko kwa biashara ya dagaa. Asema kuwa barua aliiandika usiku wa mbaramwezi, kwa sababu usiku mwingine hana nafasi.

Khabari yake ni hii. Alifaulu mtihani wa sekondari kwa daraja ipitayo C+, ambayo ndiyo itakiwayo kwa masomo ya shahada, akapangiwa chuo kikuu asomee uhandisi. Mwaka wa kwanza akaanguka katika masomo manne. Akaambiwa aurudie mwaka. Akaurudia, akaanguka tena, akaandikiwa barua ya kuondolewa. Akarudi Remba, na huu ni mwaka wa tatu yumo katika mashua za dagaa. Atuuliza mambo mawili. La kwanza, je, mtu aliyekwisha kuondolewa akiomba tena kuingia chuo, hushindana na kadari ya Mwenyezi Mungu? La pili, watu wamwambia ya kuwa elimu ile haikuwa riziki yake. Je, wasema kweli?

Tulianza kumwandikia jawabu siku ile ile, kwani maswali haya si mageni. Lakini kabla ya kuitia barua posta, mmoja wetu alikumbuka jina la kijana huyu, tukafungua daftari la barua za zamani. Tuliyoyaona humo tutayaeleza mbele, kwani ndiyo yaliyotutia kuandika makala haya badala ya barua tu.

Ama la kadari, jawabu lake lilikwisha kutolewa tangu zama za masahaba. Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alipokuwa safarini kwenda Sham alipata khabari kuwa tauni imeingia huko, akaazimia kurudi na watu wake. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa waikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, kisha akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bondeni, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu: popote alishapo, alisha kwa kadari. Basi ewe mwanetu, kuondolewa kwako chuoni kulikuwa kwa kadari, na fomu utakayoijaza kuomba tena nayo ni kwa kadari. Akwambiaye kuwa kadari ni ile ya kwanza peke yake, muulize ni nani aliyemfunulia.

Na wale wasemao kuwa matokeo ya mtihani ni hukumu ya Mungu juu ya akili ya mtu, twawakumbusha jambo la karibu. Mwaka 2015 watahiniwa wa Kenya waliopata A katika mtihani wa sekondari walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 serikali ilikaza kamba juu ya wizi wa mitihani, na waliopata A wakawa 141. Je, Mwenyezi Mungu aliwapokonya watoto wa nchi nzima akili zao katika miezi kumi na miwili? Hasha. Kilichobadilika ni mambo ya watu. Mtihani ni mizani, na mizani hushikwa na binadamu. Hupima vile mtu alivyofanya siku ile, wala haipimi riziki yake.

Sasa twataka tusimame kidogo katika kisa cha Nabii Yunus, amani iwe juu yake, kwani hatuoni kisa kifaacho zaidi kwa mtu akaaye juu ya jabali katikati ya maji. Watu wengi wetu hukijua kwa samaki tu. Waalimu wetu chuoni walitusomesha dua yake gizani, na ni dua tukufu. Lakini kisa hakikwishia tumboni mwa samaki. Yunus aliondoka kwa watu wake kwa hasira kabla ya kupewa ruhusa, akapanda jahazi iliyojaa, kura ikamwangukia, akamezwa. Akamlilia Mola wake, akatupwa ufukweni naye ni mgonjwa. Kisha nini? Mwenyezi Mungu hakumwambia siku ile ile ainuke arudi kazini. Alimwoteshea kwanza mti wa jamii ya mmumunye, wenye majani mapana, umfunike. Baada ya hapo ndipo akamtuma kwa watu laki moja au zaidi, na wengi katika wafasiri wasema kuwa ni watu wale wale aliowaacha. Wakaamini.

Tazameni mpango huo, ndugu zetu. Palikuwa na kosa, na palikuwa na toba. Palikuwa na ugonjwa, na palikuwa na kivuli. Kisha akarudishwa kwenye mlango ule ule alioutoka. Sisi katika mawaidha yetu huhimiza toba, na huhimiza watu wajitahidi. Hicho kivuli twakipita mbio. Kijana akirudi nyumbani na barua ya kuondolewa, wa kwanza humwuliza fedha zilikokwenda, wa pili humtajia mtoto wa fulani aliyefaulu, na wa tatu humtafutia kibarua bandarini ili asahau. Mmumunye wake u wapi?

Na hapa twarudi kwenye daftari letu. Miaka sita iliyopita kijana huyu, naye ndiyo kwanza amepangiwa chuo, alituandikia kuuliza khabari ya mkopo wa wanafunzi utolewao na Bodi ya HELB, ambao kwa masomo ya shahada hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Nakala ya jawabu letu tunayo. Ina mistari minne. Tulimwandikia kuwa ziada iliyoshurutishwa juu ya deni ni riba, na riba ni haramu, na amchaye Mungu atafunguliwa njia. Kisha tukatia sahihi.

Rai yetu juu ya riba haikubadilika, wala hatuandiki haya ili tuihalalishe. Wako wanavyuoni walioruhusu mikopo kama hii kwa dharura, na hatuwatukani. Sisi tumeshikamana na kauli ya kuikataza. Lakini kijana alitii. Hakuuchukua mkopo. Biashara ya babake mwaka ule ilikuwa dhaifu, naye akatafuta kazi ya kulinda ghala usiku, na asubuhi akaingia darasani akisinzia. Mitihani miwili katika ile minne aliyoanguka hakuifanya kabisa, kwani alilala mpaka saa ikapita. Haya yote ameyaeleza katika barua yake ya sasa bila ya kutulaumu hata kwa neno moja, na lau angalitulaumu ingalikuwa nyepesi kwetu.

Basi twauliza, na tunajiuliza wenyewe kabla yenu: mtu amzuiaye mwenye kiu asinywe maji machafu, naye ana kisima nyumbani kwake na hampi hata kata moja, amefanya nusu gani ya wajibu wake? Sheria iliyoharimisha riba ndiyo hiyo hiyo iliyotuhimiza karadha njema, yaani mkopo usio na ziada. Tumeishika ile moja kwa sababu haitugharimu kitu. Mji huu una watu wajengao nyumba za ghorofa, na una maulidi na harusi ambazo pilau yake peke yake ingalimlipia mwanafunzi karo ya mwaka. Hatuwakatazi kula pilau. Lakini mwenye kutamka haramu na ajue kuwa ametia sahihi deni.

Wala jambo hili si geni kwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, katika miaka ya 1930 aliwaandikia Waislamu wa Mombasa kuwahimiza wasibaki nyuma katika elimu. Na ile MIOME, chuo cha ufundi kilichofunguliwa Mombasa mwaka 1951 kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, kilisimama kwa michango ya Waislamu wa madhehebu mbali mbali pamoja na serikali ya wakati ule. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Wazee wale walijua kuchanga.

Na kama twaona haya kujifunza kwa jirani, basi haya hiyo na tuivue, kwani hekima ni haki ya Muislamu popote aionapo. Si mbali na Remba kuna Rusinga, kisiwa cha wazee wake Tom Mboya. Yeye mwenyewe aliacha sekondari kwa kukosa karo, akasomea ukaguzi wa afya, na mwaka 1955 ndipo akaingia Ruskin College, huko Oxford, kwa mwaka mmoja. Mtu aliyejua uchungu wa mlango uliofungwa kwa fedha ndiye aliyekwenda Marekani kuomba watu wachange, na Septemba 1959 ndege ikawachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi. Hakuwa wa dini yetu, lakini aliwapatia wengine kile alichokikosa.

Ewe mwanetu wa Remba, yako pia tutakwambia. Kuanguka mtihani si dhambi, wala halihitaji toba. Lakini umetueleza kuwa kwa mwaka mzima ulimwambia babako kuwa bado wasoma, ilhali ulikwisha kuondolewa. Huo ni uwongo, nao unahitaji toba, na kabla ya kujaza fomu yoyote nenda ukamweleze kwa mdomo wako. Twamjua babako, atanyamaza siku mbili, kisha atakuuliza umekula.

Kisha jiulize kwa nini uhandisi. Katika barua yako yote umeutaja mara moja, nawe umetaja hisabu za mauzo ya dagaa mara tano, na jinsi ulivyowafundisha wachuuzi wenzako kuweka daftari. Ikiwa uliuchagua uhandisi kwa sababu jina injinia lilimpendeza mtu barazani, usiurudie kwa kuona haya. Kurudi chuoni si lazima kuwe kurudi kwenye kiti kile kile.

Barua yako ya kuondolewa isome upya, neno kwa neno, kwani vyuo vina kanuni mbali mbali: kuna kuahirisha masomo, kuna kusimamishwa kwa muda, na kuna kuondolewa, na kila moja ina njia yake ya kurudi au ya kukata rufaa. Iandikie afisi ya msajili uulize wazi kama waweza kupokewa tena, na uombe hati ya masomo uliyofaulu, kwani chuo kingine huenda kikayahesabu. Usidhani kuwa KUCCPS, idara iwapangiayo wanafunzi vyuo, ndiyo mlango wa pekee; vyuo hupokea maombi moja kwa moja kwa wenye kujilipia. Wala usiidharau stashahada. Huombwa kwa C- tu, nawe una zaidi, na wengi wamepanda kutoka hapo hadi shahada. Karibu yako kuna Chuo Kikuu cha Rongo katika Migori, na kuna kile kilichopewa jina la Mboya katika Homa Bay; waweza kusoma nawe u karibu na nyumbani. Na ukiulizwa sababu ya kuanguka kwako, sema kweli kuwa ulikuwa ukifanya kazi usiku, wala usitunge maradhi.

Kwa wanadarsa na wasomaji: tumeanzisha sanduku la karadha njema kwa wanafunzi, na sisi tulioandika ile mistari minne ndio tuliotia cha kwanza. Liko kwa mweka hazina wetu, na hupokea baada ya sala ya Isha kila Alkhamisi. Mkopo wa kwanza umekwisha kuandikwa, nao ni karo ya muhula mmoja na nauli ya kutoka Remba. Hesabu itasomwa msikitini kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi: kilichoingia, kilichotoka na kilichorudi. Majina ya waliokopa hayatasomwa.