Je, Yatosha Kutazama Mara Moja?

Swali letu mwezi huu ni hili: je, yawezekana kumhukumu mtu kwa haki kwa siku moja tu? Wahenga husema, "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Neno hilo lafaa sana shambani mvua zinapoanza, lakini hatudhani ya kuwa lafaa katika kupima watu.

Na tutazame juu kidogo. Iko nyota changa ambayo wataalamu huiita S255IR NIRS 3. Uzito wake wakadiriwa kuwa kama wa jua letu mara 20, na nuru yake hutufikia baada ya miaka karibu 6,000. Nyota hii ingali ikikua. Imezungukwa na duara bapa la gesi na vumbi, nalo ndilo chakula chake. Kwa kuwa imefunikwa na vumbi zito, wataalamu huipeleleza kwa vyombo vipokeavyo nuru ya joto isiyoonekana kwa macho. Kisha huitawanya nuru ile, kama matone ya mvua yatawanyavyo nuru ya jua kuwa upinde, wakaisoma mistari iliyomo.

Mwaka 2015 nyota hiyo iling'aa ghafula, na mistari yake ikapata nguvu kuliko kwanza. Sababu ilikuwa nini? Chakula kingi kiliiangukia kwa mara moja kutoka katika lile duara. Baadaye ikafifia tena. Kumbe, hata nyota kubwa hailishwi kwa kipimo kimoja siku zote! Aliyeitazama kabla ya hapo angaliandika kuwa imetulia. Aliyeitazama wakati ule tu angaliandika kuwa ni kali. Kila mmoja angaliandika kweli aliyoiona, na wote wawili wangalikosa.

Sisi walimu twaona haya kukiri ya kuwa mara nyingi tumemwita mtoto mvivu kwa kuwa alisinzia asubuhi moja, tusiulize kama usiku kucha alikuwa akimwuguza mama yake. Na jina lile likamshika miaka mingi.

Labda mtu atasema, "Basi, mtoto asionywe?" La, sivyo. Kosa la leo lionywe leo. Lakini tendo ni la siku moja, na mtu ni wa siku nyingi. Tulihukumu tendo, tusimfungie mtu jina. Wataalamu wale huitazama nyota ya mbali tena na tena kabla ya kusema neno. Je, mtoto aliye mbele yetu hastahili uangalifu kama huo?